Jina la Mkwe Daftarini

Barua ilifika Ijumaa, na mtihani ni Jumatatu. Ala! Siku tatu! Gelasius, mume wangu, aliisoma mara mbili, akaikunja, akaketi juu ya kinu changu. Siku nyingine ningemtimua. Siku hiyo sikumkemea.

Alikuwa karani msaidizi wa kodi hapa Ushirombo, mwaka wa pili. Sasa serikali imesema kuanzia mwaka huu wa 1951, karani asiye na cheti cha kodi hatashika daftari. Akishindwa, kazi hana, na kazi nyingine aliyoijua ni ya shimoni, kule migodini Geita. Huko mwamba uliwafukia yeye na mwenzake kutwa nzima, na mwenzake akafa amemshika mkono. Mpaka leo Gelasius halali mlango ukiwa umefungwa. Kwa hiyo msinicheke nikisema niliogopa.

Mimi nilisomeshwa na masista, kusoma najua kumshinda. Nikakichukua kijitabu cha sheria za kodi, nikawa natwanga huku namuuliza.

"Mwenye ukoma?"

"Amesamehewa."

"Mwenye wake watatu?"

"Analipa kodi yake, na ya wake wa ziada."

"Na akili, anazilipia wapi?"

Hakucheka. Mtu wa kucheka kwa upepo tu, lakini siku hiyo hakucheka.

Jumamosi akapita Pantaleo, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji nilikozaliwa, kutupa habari. Mtahini ni Mzungu kutoka Kahama. Maswali ya kitabu ni machache tu. Kazi hasa ni kuwaita walipa kodi kwa daftari, jina kwa jina, kwa sauti, na watu wenyewe wamesimama pale. Na kijiji kilichochaguliwa ni hicho hicho nilikozaliwa.

Pantaleo alipoondoka, Gelasius alinitazama kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Kwenye daftari hilo yumo baba yangu, Mihambo bin Kalugula. Na kwetu mkwe hatamki jina la baba mkwe, hata nyumba ikiungua. Miaka saba ya ndoa yetu alikuwa akisema "mzee wa kule", basi.

"Siwezi, Mama Klara."

"Utaweza. Au unataka kurudi shimoni?"

Nilijua nimempiga pabaya, nikaona aibu, lakini sikurudisha neno.

Njia ilikuwapo. Mkwe akipeleka mbuzi na kuomba, mzee anaweza kumfungulia jina, alitamke. Mbuzi tulikuwa naye, na kwa baba ni mwendo wa asubuhi moja. Lakini baba namjua: akikataa amekataa, na Gelasius akishakatazwa asingethubutu kamwe. Bora tusimuulize. Nikajiambia atanuna siku mbili, tutampelekea mbuzi baadaye, yataisha.

Jumapili baada ya misa nikamkalisha.

"Sema."

"Mi... Mihambo." Jasho likamtoka kama mwenye homa.

"Kwa nguvu! Hutakufa!"

Mpaka jua kuzama alikuwa analitaja bila kukwama. Nilifurahi, na papo hapo nikaogopa. Maji tumeyavulia nguo, nikamwambia, lazima tuyaoge.

Jumatatu wanaume walipangwa mstari mbele ya nyumba ya Pantaleo. Sisi wanawake tulisimama kando, kwenye uzio. Maswali ya kitabu Gelasius aliyajibu yote. Kisha akafungua daftari, akaanza kuita. Huyu "Nipo!", yule "Nipo!" Nilihesabu majina kwa vidole.

"Mihambo bin Kalugula!"

Loo! Mstari wote uliinamisha vichwa. Baba alisimama wima, kodi yake ameifunga kwenye pembe ya shuka, akatazama mbele. Hakuitika.

"Mihambo bin Kalugula!"

Baba akaendelea kutazama mbele.

Mzungu akauliza kwa Kiswahili chake cha ofisini, "Mtu akiitwa mara tatu asiitike, karani hufanya nini?"

"Humwandika mkwepa kodi, bwana," Gelasius akasema.

"Basi ita."

Gelasius akageuza macho kunitafuta. Mimi nilimwona baba, na nililiona shimo la Geita. Mungu anisamehe, nikamwitikia kwa kichwa.

Akaita mara ya tatu. Baba hakuitika. Gelasius akaandika.

"Vizuri," Mzungu akasema. "Mtu huyu yuko wapi?"

Mwishowe Pantaleo, kwa kuogopa yasimpate yeye, akanyoosha kidole. Askari wawili waliokuja na Mzungu wakamshika baba.

"Kodi yangu hii hapa," baba akasema kwa lugha yetu. "Lakini mimi sijaitwa. Mkwe hana kinywa cha kuniita."

Mkalimani wa Mzungu hakuyatafsiri maneno hayo. Wakamfunga mikono, na Gelasius akapewa cheti chake chenye muhuri.

Walipompitisha baba kwenye uzio, nilipiga goti. "Shikamoo, baba."

Alisimama. "Nani alimfundisha kulitamka vile, bila hata kukwama?"

Ningeweza kudanganya. "Ni mimi, baba."

"Basi na wewe usiniite tena."

Askari akamsukuma, wakashika njia ya Kahama.