Maziwa ya Kipaji

Siku ya kliniki Hadija aliwahi, akakaa mwisho wa benchi karibu na mlango, kikapu chake cha mapeasi miguuni. Wanawake waliokuja baada yake walilijaza benchi kuanzia upande wa pili. Walipomkaribia waliacha nafasi ya mtu mmoja, na waliobaki wakasimama. Hapakuwa na ugomvi. Hadija alikuwa Mmbugu aliyeolewa kwa Wasambaa, na nafasi ile ilikuwapo tangu alipoolewa.

Nesi Janeth, msichana mpole aliyetoka Muheza, aliwafundisha kama kawaida. Kuleni mboga za majani. Kunyweni maziwa mkipata. Mchana jilazeni kidogo, na msibebe mizigo mizito. Moyo ukilemewa, mwambieni mtu.

"Kujilaza mchana?" mmoja akasema. "Nesi, njoo wewe umwambie mama mkwe wangu. Mimi nitakuwa nyuma ya mlango."

Wakacheka. Hadija naye akacheka, peke yake, upande wake.

Alipoingia kupimwa, Janeth alimpa kiti chake mwenyewe, yeye akasimama. Mimba ya kwanza ya Hadija iliharibika ikiwa kubwa, na hii ya pili ilikuwa inakaribia pale pale.

"Mtoto ni mdogo, dada. Ukikosa chakula na usipopumzika, huyu naye tutampoteza. Una mtu wa kuzungumza naye?"

"Nilikuwa na mama," Hadija akasema.

Mama yake alikufa masika yale. Kwao, binti akiwa mjamzito, mama yake humpelekea ng'ombe wa maziwa, anywe mpaka ajifungue, maana maziwa ya nyumbani humtuliza aliye ugenini. Mama alikuwa amemtengea Kipaji, ng'ombe mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Kifo kikatangulia. Kipaji akachinjwa kwenye matanga, na Hadija mwenyewe aliila nyama yake.

Kwa hiyo Kipaji alichelewa, lakini alikuja. Asubuhi moja, ukungu ukiwa bado umelalia msitu wa Magamba, alipanda njia ya shambani taratibu, kamba shingoni, kovu la kisu limeshafunga chini ya koo, akasimama mlangoni mwa jiko.

Mama mkwe wake, Salama, alitoka na mwiko mkononi.

"Si yule wa marehemu?"

"Ndiye, mama."

"Mfunge upande ule. Asinikanyagie karoti."

Hadija alimsalimia Kipaji kwa Kimbugu, lugha ambayo hakuwa ameitamka tangu msibani. Akamkamua, akanywa kikombe kizima pale pale, maziwa yakiwa bado na moto wa mwili. Mtoto akageuka tumboni. Mchana ule Hadija alilala. Bibi Jenoveva, jirani yao mzee, alimkuta katika usingizi huo, akamalizia kuchambua maharage aliyoyaacha kwenye ungo, akaondoka kwa kunyata.

Jioni Salama alileta ndoo.

Katika nyumba ile maziwa yalikuwa na njia yake. Yalianza kwa wanaume, yakaenda kwa wageni, na yaliyobaki yalipelekwa barabarani kwa mtu wa pikipiki aliyeyashusha Lushoto.

"Mwanamke akinywa mbele ya mumewe, nyumba itasemwa," Salama alisema. "Mimi Hashimu nilimzaa kwa makande na maji ya mtoni. Kwani alikufa?"

"Hakufa, mama."

Salama hakuyasema kwa ubaya. Yeye naye alikuta hivyo. Alimwachia mkwewe maji ya kusuuzia ndoo, akayatia chumvi kidogo ili yawe na ladha.

Salama alijaribu kumkamua Kipaji, hakutoa hata tone. Hashimu akajaribu, ikawa vile vile. Wote waliona ni haki yake, ng'ombe aliletwa kwa Hadija. Basi ikawa Hadija ndiye anayekata majani, ndiye anayekamua, Salama akiwa kando kwenye kigoda, na ndiye anayepandisha ndoo barabarani. Kadiri alivyokonda, Kipaji alizidi kutoa maziwa, kama mama anayemwona mwanawe ana njaa, na ndoo ikazidi kuwa nzito.

Wakati wa kukamua alimweleza Kipaji yote, kwa Kimbugu. Wanawake waliopita kwenda mtoni walimsikia.

"Mmbugu leo kapata mtu wa kabila lake!"

"Na anajibiwa, shoga. Hebu sikiliza."

Ni kweli, alijibiwa, ila kwa sauti ya chini.

Bibi Jenoveva aliibeba ile ndoo mara kadhaa, mpaka magoti yakakataa. Ndipo akamfuata Hashimu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Baba, mkeo anakwisha. Mwache anywe, mwache akae."

Hashimu alimpenda mkewe. Kila jioni alimchemshia maji ya kukanda miguu.

"Mambo ya wanawake anayajua mama, bibi," akasema.

Uchungu ulimkamata Hadija kwenye kona ya mwisho kabla ya barabara. Aliitua ndoo kwanza, vizuri, isimwagike. Bibi Jenoveva alimkuta kwenye majani, akavua kitenge chake, akamtandikia. Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia. Hashimu alipofika alisimama juu yao, akalia bila kujificha, kisha akaibeba ndoo, kwa kuwa mtu wa pikipiki alikuwa anangoja.

Walimzika mtoto mchana ule, nyuma ya migomba.

Asubuhi iliyofuata, Hadija aliporudi bandani kukamua, alimkuta mwanawe kwenye nyasi chini ya Kipaji, macho wazi, ananyonya. Akakaa chini. Akamshika kisigino, kikazama kiganjani mwake, baridi kama jiwe la mtoni.

Salama alikuja na kigoda chake.

"Ni yule?"

"Ndiye, mama."

Alimtazama mjukuu wake muda mrefu. Akavua kanga ya mabegani, akamfunika mgongo, maana asubuhi ilikuwa na baridi. Kisha akachungulia ndani ya ndoo.

"Yamepungua."

"Ananyonya chuchu mbili, mama. Huku na huku."

"Mwachie moja. Mtoto asiyekua, mbili za nini?"

Hadija alimsogeza mwanawe kwenye chuchu ya nyuma, ile yenye maziwa mengi kuliko zote, akamwekea mkono kichwani mpaka akaishika vizuri. Kisha akakamua zile tatu.