Sista Hasemi, Anauliza

Wifi alipiga meza kwa kalamu nyekundu. Ilikuwa mara ya tisa mchana ule.

"Labda tena! Wifi, hivi mimi ndiye ninayekusaili au wewe ndiye unayenisaili?"

Sista alimkodolea macho. Wodini kila mtu alimwita Sista, na jina likamganda hadi nyumbani. Alikuwa na miaka arobaini na minne, kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza wodi ya wazazi akiwa muuguzi. Alhamisi angekaa mbele ya watu watatu wa chuo cha udaktari awaeleze kwa nini wampe nafasi. Mwaka jana walimkataa kwa barua ya mistari miwili, na chuo hakipokei mtu aliyetimiza arobaini na tano. Hiyo Alhamisi ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ikimponyoka, basi tena.

Na swali lenyewe lilikuwa jepesi! Wifi yake, mwalimu wa sekondari asiyejua hata kupima joto la mtoto, alikuwa amelitoa kitabuni: mgonjwa wa kisukari kaletwa anatetemeka, jasho linamtiririka, maneno hayaeleweki, utafanya nini? Sista ameinua wagonjwa wa namna hiyo hata hesabu hana. Lakini alipofungua mdomo, kilichotoka ni, "Labda tungepima sukari kwanza, unaonaje?"

"Unaniuliza mimi?" wifi alisema. "Mimi nafundisha jiografia!"

Ndivyo alivyolelewa na wodi. Muuguzi hamwambii daktari ugonjwa, anauliza. "Daktari, unaonaje tukipima damu?" Daktari anakuna kidevu, anasema, "Pimeni," na wote mnajifanya wazo ni lake. Eti heshima. Heshima gani hiyo, jamani? Madaktari wangapi wachanga wamekuja pale mikono inawatetemeka, akawafundisha kushona kidonda kwa maswali tu, mwaka ukiisha wanaondoka vifua mbele hata asante hawaachi! Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Wahenga hawakufanya kazi wodi ya wazazi.

Mume wa Sista, fundi wa mafriji, alichungulia dirishani na bisibisi mkononi. "Mimi mteja akileta friji halipozi, simwambii labda gesi imeisha, mzee unaonaje."

"Wewe nyamaza na mafriji yako!"

Fundi akarudi uani akicheka. Wifi akageuza karatasi. "Swali la mwisho. Tuambie kosa ulilowahi kufanya kazini. Jibu nimekuandikia, lisome."

Sista akasoma: Kosa langu ni kujituma kupita kiasi. Akaikunjakunja karatasi na kuitupa chini.

"Unataka kosa? Miaka kumi na mmoja iliyopita, kitanda cha sita, kulikuwa na mama kajifungua kwa upasuaji. Asubuhi nikamkuta mapigo mia na thelathini, tumbo gumu, midomo imepauka. Alikuwa anavuja damu ndani, wifi. Nilijua! Nikamfuata daktari kijana wa zamu, nikamwuliza, daktari, unaonaje tukiliangalia tena tumbo la yule mama? Akasema maumivu ya kawaida hayo, mpe dawa. Saa saba mchana tukamfunika shuka. Yule daktari namchukia mpaka leo, ningemwona ningemtafuna mzima mzima."

Wifi aliinama. Kisha akaiokota ile karatasi akainyoosha. "Pole, wifi yangu. Lakini hilo usithubutu kulisema kule. Watakuona una kinyongo. Tabasamu, sema unajituma."

Alhamisi alivaa gauni la heshima na tabasamu la kuazima. Chumba kilikuwa na meza ndefu na feni inayolalamika. Katikati alikaa mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani. Kushoto mzee mmoja aliyekuwa akipekua makaratasi. Kulia, loo! Alikuwa yeye. Kitambi kimeota na nywele zimerudi nyuma, lakini alikuwa yule yule daktari wa zamu. Alimtazama Sista asimtambue hata chembe. Bila sare muuguzi ni nani?

"Nina kisa ambacho huwauliza wote," daktari alianza. "Mama kafanyiwa upasuaji wa uzazi. Kesho yake asubuhi mapigo mia na thelathini, tumbo gumu, midomo imepauka. Daktari alikuwa kijana, na hakuna aliyemwambia kitu wodini. Mama akafariki. Tunajifunza nini?"

Hakuna aliyemwambia! Damu ilimpanda Sista hadi masikioni. Jibu walilolitaka alilijua, ushirikiano kazini, na tabasamu juu yake. Angelitoa, nafasi ingekuwa yake. Alibana meno mpaka taya likamuuma.

"Aliambiwa," akasema.

"Samahani?"

"Daktari aliambiwa. Saa tatu asubuhi, kitanda cha sita. Muuguzi alikuuliza, daktari, unaonaje tukiliangalia tena tumbo la yule mama? Ukasema maumivu ya kawaida, mpe dawa. Hata kusimama hukusimama."

Mzee aliacha makaratasi. Daktari alimkazia macho. Halafu, kwa sauti ndogo, akasema, "Sista?"

Mwenyekiti alivua miwani. "Umekuja hapa kumlaumu mwenzetu?"

"Namlaumu, sitakuficha. Lakini nilijua yule mama anakufa, nikaenda kulifanya jambo hilo swali, tena la adabu, ili daktari asiudhike. Ndiyo maana hakumbuki kuambiwa. Mkitaka kosa langu, ni hilo. Sina lingine kubwa kuliko hilo."

"Na angeletwa mbele yako sasa hivi?" mwenyekiti aliuliza.

Ile labda yake ilifika ulimini, kwa mazoea. Sista akaimeza.

"Anavuja damu tumboni. Arudi chumba cha upasuaji, sasa hivi, na damu ya kumwongezea iletwe. Atakayeudhika audhike."

Hakuna aliyeandika kitu. Daktari aliiinamia meza, mikono usoni.

Nje ya geti Sista alilia. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa na hasira kwa ajili ya yule mama bila kumlilia hata siku moja. Wifi, aliyekuwa akimngoja pale, alimkimbilia na leso.

"Wifi, vipi? Ulitabasamu?"

"Hata kidogo."

"Yallah! Na zile labda, ulisema ngapi?"

"Hata moja."

"Sasa wamekupa nafasi au hawakukupa?"

Sista alipenga kamasi kwa nguvu, akaikunja leso.

"Sijui," akasema. "Sikuwauliza."