Karatasi ya Kunikataza Mimi

Mtu wa korti alifika Nunguni na bodaboda, jeneza likiwa tayari juu ya shimo. Akauliza nani ni Syombua Kimeu. Nikasema ni mimi, mke wa marehemu. Akanipa karatasi, nikasaini, akaenda zake. Hata chai hakungoja.

Muli, ndugu ya mume wangu, akasimamisha kila kitu. "Mwalimu, tusomee." Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja, kwa hivyo hapa kwetu barua ikija ni yangu kusoma. Hata hii, jamani.

Mutisya, mtoto wa mke wa kwanza, alikuwa ameenda kortini akitaka babake azikwe kule Tulia, kando ya mamake. Korti imesema mimi Syombua niko "prohibited" kumzika Kimeu mpaka kesi isikizwe. "Prohibit" ni kukataza, lakini kukataza kwa muhuri. Si kule kukatazwa na mama ukigusa sufuria. Darasani nilikuwa nikisema, neno hilo halitembei peke yake: uliza nani amekatazwa, na amekatazwa nini.

"Turudishe mwili mochari?" Muli akauliza.

Nikisema ndiyo, Kimeu anarudi kwa friji, halafu pengine Tulia. Na aliniomba kitu kimoja tu, alazwe hapa, kwa shamba tulilofyeka sisi wawili. Nilikuwa kama mtu aliyedungwa sindano ya jino. Unajua wanavuta, lakini husikii kitu.

"Imenitaja mimi," nikasema. "Nyinyi haijawataja."

"Una hakika?"

"Muli, usinifundishe Kiingereza."

Nikaenda nikakaa kwa kiti cha plastiki, mbali, mikono juu ya mapaja kila mtu aione. Wakamshusha. Nilitaka kulia. Machozi yakakataa, basi nikaangalia viatu vya watu.

Kisha pasta akaita, "Mke wa marehemu aje kwanza, atupe udongo."

Watu wote wakanigeukia. Nimempikia miaka arobaini, nimemwosha alipougua, na sasa konzi moja ya udongo ndiyo kuzika.

"Anza na ndugu yake," nikasema.

Pasta akangoja, akidhani nimechanganyikiwa. Muli akainama, akatupa udongo wake. Akachota konzi nyingine, akainyoosha juu ya shimo, akanitazama. Ilikuwa yangu.

Nikatikisa kichwa. Akinitupia, ni mimi nimezika. Akaimwaga kando.