Mpaka Bwana Kaeni Aseme

Katika shule ile ya Waingereza, mkuu wa shule akiingia kila mtu husimama, na hakuna kukaa mpaka aseme "Kaeni." Sheria hiyo aliiweka mkuu wa kwanza, yule mwenye masharubu ya kutisha kwenye picha ya mwanzo ukutani, na kumi waliomfuata hawakuthubutu kuigusa. Huyu wa sasa, mzee wa kusahausahau, wanafunzi walimbandika jina la Bwana Kaeni, maana hawakumsikia akisema mengi zaidi ya hilo.

Siku ya mtihani wa hesabu aliingia ukumbini zikiwa zimebaki dakika ishirini na tano. Viti hamsini vikakwaruza sakafu. Sindano naye akasimama, kalamu mkononi. Jina hilo alipewa kwa wembamba wake, na kwa kuwa mama yake ni fundi cherehani. Shule ile huchuja watoto kama unga, na yeye alipita kwa ufadhili: akishuka chini ya nafasi ya tatu, masomo yake yanaishia hapo. Maswali mawili yalikuwa bado, na ndiyo yenye alama nyingi.

Bwana Kaeni hakusema kaeni. Alijikongoja hadi kwenye zile picha za wakuu ukutani, akaweka mikono nyuma, akaanza kuzitazama moja moja kama mtu anayetafuta ndugu zake.

Dakika ya tatu ikapita. Sindano alimtazama msimamizi, mwalimu wa jiografia, ambaye naye alisomea hapo hapo. Jasho lilimtoka, mdomo kaufumba. Mtu mzima na ndevu zake anaogopa kumkumbusha mzee neno moja.

"Mwalimu," Sindano alinong'ona, "muda unakwenda."

"Nyamaza, mwanangu. Akikusikia tumekwisha wote."

Mwaka uliopita mvulana mmoja wa ufadhili alikaa kabla ya kuambiwa. Wiki ile ile alirudisha sare na vitabu stoo. Sindano alimkumbuka akivuka uwanja mikono mitupu. Dakika ya saba, na mkuu ndiyo kwanza yuko picha ya nne.

Hapo hasira ikaishinda hofu. Sheria inasema wasikae, haisemi wasiandike. Akapiga moyo konde, akainama juu ya dawati, miguu wima, akaanza swali la tano. Jirani yake akamtupia jicho la pembeni, kisha naye akainama. Ikafuata safu nzima, halafu ukumbi mzima.

Mkuu akageuka.

Kalamu ya Sindano ikasita katikati ya jibu. Alijua aliyeanza ni yeye, na wa kuadhibiwa hatakuwa mtoto wa tajiri.

Mzee aliitazama ile migongo hamsini, machozi yakamlengalenga.

"Miaka thelathini niko hapa," alisema, "sijapata kuona heshima kama hii."

Akatoka taratibu, na neno lenyewe hakulisema. Basi wakamaliza mtihani vile vile walivyo. Sindano aliandika jibu la mwisho kengele ikilia.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake kwenye cherehani.

"Umemaliza maswali?"

"Yote, mama."

"Sasa mbona umesimama mlangoni kama mgeni? Kaa, mwanangu."

Sindano akajibwaga kwenye kiti na kulia kwa kwikwi, na mama yake, asijue amesema nini, akaiacha nguo kwenye cherehani akaja kumshika mabega.