Bima ya Bi Swaumu

"Dada Esteria, huu ni mwandiko wako?"

Swali lilitoka kwa Wilfred, ofisa wa madai kule makao makuu ya kampuni ya bima Dar es Salaam, na Wilfred hakuwa mtu wa kupiga simu saa nne asubuhi kuulizia mwandiko. Esteria akafungua picha aliyotumiwa. Ilikuwa fomu ya bima ya safari aliyoijaza mwenyewe wiki tatu zilizopita, humu humu ndani ya ofisi yake ya Mkuza, Kibaha, chumba kimoja kilichobanwa kati ya fundi viatu na duka la mabomba. Swaumu binti Kondo, miaka sitini na tatu, mkulima, Kurui, Kisarawe. Maswali kumi na mawili ya afya, na mbele ya kila swali tiki ya bluu kwenye neno Hapana.

"Ni wangu," akajibu.

Wilfred akamweleza polepole. Bi Swaumu alikuwa ndani ya meli ya watalii iliyotoka Mombasa jana kwenda Shelisheli. Alfajiri ya leo alishikwa na maumivu ya kifua, akaanguka kwenye ngazi. Daktari wa meli amempima, mshipa wa moyo umeziba. Zahanati ya melini inaweza kumshikilia kwa dawa na oksijeni, lakini kuuzibua haiwezi. Nahodha ameshageuza meli irudi upande wa Mombasa, na ikifika saa tisa alasiri itakuwa mahali ambapo helikopta inaweza kuifuata. Ila helikopta hairuki bila barua ya dhamana kutoka kwa watu wa bima, na hospitali nayo inaitaka barua hiyo hiyo. Ukijumlisha ndege, hospitali na zahanati ya melini, hesabu inakaribia shilingi milioni tisini.

"Sasa tatizo," Wilfred akasema, "kwenye mkoba wake wamekuta vidonge vya presha. Kadi inaonyesha anavitumia mwaka wa nne. Fomu inasema hana presha. Bosi anasema aliyeficha ugonjwa halipwi."

Akamkumbusha kwamba kanuni inamtaka kila wakala arekodi mahojiano ya afya. Kama rekodi ipo, aitume kabla ya saa saba. Kama haipo, basi fomu ndiyo itakayosema.

Esteria akaweka simu mezani.

Riziki yake ilikuwa pikipiki. Madereva wa bodaboda wa Mkuza na Tangini walimwita Mama Bima, na siku nzima kazi yake ilikuwa kuingiza namba zao kwenye mfumo, kupokea pesa, kuwasuta kwa kukaa miezi mitatu bila bima, na kuwatakia safari njema. Bima ya meli ya kitalii hakuwahi kuiuza maishani mpaka alipotokea Shabani, mtoto wa Bi Swaumu. Shabani naye alikuwa dereva wa bodaboda hapo hapo Mkuza kabla hajapata kazi ya kuosha vyombo melini. Baada ya miaka miwili ya masufuria aliruhusiwa kumpandisha mzazi mmoja kwa nauli ya kutupa, mradi mzazi huyo awe na bima. Alimpigia Esteria kutoka bandari fulani huko duniani, akamwambia, Mama Bima, nakuletea mama yangu, mshughulikie kama wako.

Naye alimshughulikia, tena kwa adabu zote. Esteria alizaliwa Karagwe, lakini miaka kumi na tisa ya Kibaha ilikuwa imemfunza. Huku mtu mzima humwulizi tu "una presha?" kama askari wa barabarani anayetaka leseni. Unaanza na shikamoo, unapitia nyumbani, shambani, kwa wajukuu, na magonjwa unayachomekea humo humo katikati ya salamu. Naye mtu mzima atajibu salama, kwa sababu salamu ndivyo inavyojibiwa, hata kama mguu umemvimba. Habari yenyewe huja baadaye, watu wakishatulia. Kila jirani wa Pwani anajua hivyo, na Esteria kama jirani alijua. Lakini siku ile alikuwa wakala, na wakala alikuwa na haraka.

Mlango ukagongwa kwa fimbo. Aliyeingia alikuwa mzee mwembamba, kanzu imepauka vumbi la njia hadi magotini. Alikuwa Mwinyijuma, mume wa Bi Swaumu. Shabani alimpigia alfajiri, naye mzee akapanda bodaboda kutoka Kurui, akapita Mzenga na Mlandizi hadi hapa, na hakuwa ameweka kitu tumboni. Esteria alimwamkia, naye akaitikia marahaba, akauliza habari za watoto, za kazi, za mvua ya huku Kibaha, na Esteria akajibu moja moja huku akiitupia saa jicho. Ndipo mzee akatoa bahasha mfukoni. Ndani yake mlikuwa na hati ya kimila ya shamba lao la mikorosho.

"Shabani ameniambia hiyo ndege inataka milioni nyingi," akasema. "Mimi sijui milioni tisini zinakaaje. Lakini yuko mtu Tangini alipata kulitaka hili shamba. Nionyeshe nyumba yake, mwanangu. Kitakachopatikana tuwapelekee, wamchukue huyo mama."

Shamba lile, hata liuzwe mara tatu, lisingemnyanyua Bi Swaumu hata mita moja kutoka kwenye meli ile. Esteria aliona aibu kuyasema hayo. Akamwomba asubiri kidogo, kuna jambo analifuatilia makao makuu. Mzee akakubali. Akauliza maji ya kutawadha yako wapi, na msikiti, maana adhuhuri ilikuwa inakaribia, akatoka na bahasha yake.

Esteria akafunga mlango, akaitafuta rekodi. Ilikuwepo. Dakika kumi na nne.

Alisikia sauti yake mwenyewe, changamfu, ya mtu anayeuza. Shikamoo mama. Habari za Kurui? Mihogo imetoka? Moyo nao, haukusumbui? Sukari je? Presha imetulia? Na sauti ya Bi Swaumu, nzito kidogo, ikijibu njema, salama, imetulia, tunamshukuru Mungu. Baada ya kila jibu ilisikika kalamu ikikwaruza karatasi. Dakika ya sita maswali yalikwisha, mhuri ukapigwa, na Esteria wa kwenye rekodi akasahau kuizima simu.

Esteria wa leo naye angeweza kuishia hapo. Hakuishia. Dakika ya nane kikombe kiliwekwa mezani. Dakika ya tisa Bi Swaumu akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekwishakaa:

"Ila nisikufiche, mwanangu. Hiyo presha ninayo. Mwaka wa nne huu nameza vidonge, na nikipanda kilima kifua kinanibana. Andika na hilo, nisije nikawatia watu hasara."

"Pole sana, mama," ilijibu sauti ya Esteria, na papo hapo, bila hata kuvuta pumzi, ikamgeukia mtu mwingine aliyekuwa ameingia: "Nipe namba ya pikipiki, kaka."

Damu ilimpanda usoni akiwa peke yake chumbani. Alirudisha nyuma, akasikiliza tena, labda alikosea. Andika na hilo. Na kweli siku ile alimwona Bi Swaumu akisogeza midomo, akamwonea huruma ya mdomoni, akaandika namba ya pikipiki. Kama angeandika kile alichoambiwa, mama wa watu angeongezewa ada ya elfu arobaini, basi, na asubuhi hii isingekuwepo.

Rekodi ilikuwa bado inakwenda. Mwenye pikipiki alishaondoka, na Bi Swaumu alikuwa akieleza, bila kuulizwa, kwa nini anataka kupanda meli. Bahari ameiona, alisema, ameiona Dar mara nyingi. Lakini ukisimama pale, mgongoni mwako kuna nchi kavu, kuna watu wanauza mihogo. Yeye amesikia kuna mahali ukisimama hakuna nchi kavu mbele, wala nyuma, wala kuume, wala kushoto.

"Nataka nikapaone hapo," sauti ikasema. "Nishukuru, kisha nirudi nikalime."

Hapo rekodi ikakatika.

Esteria alijua rekodi ile ina maana gani. Kwenye mafunzo waliambiwa mpaka wakaota, alichoambiwa wakala, kampuni imeambiwa. Bi Swaumu hakuficha kitu. Akiituma, kampuni haina pa kukwepea, italipa. Na wakala aliyepiga mhuri juu ya uongo atanyang'anywa uwakala siku hiyo hiyo, pengine na leseni. Alikuwa na kodi ya chumba, alikuwa na Yunis, binti yake wa kidato cha tano, na mume aliyehamia Morogoro akasahau njia. Kuituma ilikuwa kujitilia mwenyewe mchanga kwenye kitumbua.

Akigusa mchoro wa pipa la taka kwenye simu, rekodi ifutike, hakuna atakayejua. Mwenye pikipiki wa siku ile hakusikiliza. Aliyesema amelala baharini na bomba la oksijeni puani. Esteria aliogopa, akajiogopa mwenyewe zaidi, maana kidole kilikuwa kimeshasogea. Akajiuliza ni mara ngapi katika maisha yake mtu amewahi kumwambia kweli kwa upole namna ile, tena kwa kuhofia asije akamtia hasara. Hakukumbuka hata mara moja. Ilikuwa saa sita na dakika hamsini.

Akapiga moyo konde, akaituma, na chini yake akaandika: Sikiliza dakika ya tisa. Kosa ni langu.

Wilfred aliisikiliza yote. Alipopiga, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Dada, ungeniambia tu kwamba hukurekodi."

"Nilirekodi," Esteria akasema.

Barua ya dhamana ilitoka saa saba na robo. Wilfred alimtumia nakala, akamwambia ajiandae, wakubwa wameshasikia. Mzee Mwinyijuma aliporudi kutoka msikitini alimkuta Esteria amemwekea wali maharage mezani, na habari kwamba kampuni imekubali, ndege itaruka, hati airudishe mfukoni. Mzee hakula. Alikaa kwenye benchi na mikono juu ya fimbo. Alitaka kujua mkubwa gani huko anamfahamu Swaumu, amtumie shukrani. Esteria akamwambia hakuna anayemfahamu. Pesa inayompelekea ndege ni ya watu waliolipa kidogo kidogo, wengine wenye magari, wengine wenye maduka, wengine vijana wa pikipiki wa hapo nje.

Mzee akageuka kuwatazama wale vijana kupitia mlangoni. Walikuwa wamelala juu ya viti vya pikipiki zao, mmoja anakula ukwaju.

"Hata yule?"

"Hata yule, mzee."

Akamtazama kijana wa ukwaju kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina.

Saa nane dereva mmoja aliingia kukata bima. Esteria aliandika namba, mfumo ukamkataa. Akaandika tena neno lake la siri, ukamkataa tena. Alielewa. Akamwelekeza kijana kwa wakala wa Mailimoja, akafunga kompyuta, akaifuta vumbi juu yake ingawa haikuwa na vumbi. Alitaka kulia, na hapo hapo alihisi mwepesi, jambo ambalo hakulitegemea. Macho ya mzee yalikuwa kwenye simu ya Esteria.

Saa kumi na nusu simu ikalia. Shabani alikuwa akihema. Wamemchukua, alisema, mama kachukuliwa, sasa hivi yuko angani, kabla ya kuondoka mama alimshika yeye mkono akamwambia akazioshe sufuria zake asije akafukuzwa. Sauti ikapotea. Baada ya dakika chache zikaja video mbili.

Esteria akasogeza kiti karibu na benchi. Katika ya kwanza helikopta ilikuwa imesimama hewani, na upepo wake umeyalaza maji chini yake yakawa meupe. Mtu aliyevaa nguo za rangi ya chungwa alishuka kwa kamba hadi juu ya meli. Kisha kikapanda kitanda chembamba, na juu yake mtu mdogo, amefungwa mikanda, upindo wa kanga ukichezacheza pembeni. Pembeni ya meli, ghorofa juu ya ghorofa, walijipanga watu wa kila rangi, mamia kwa mamia. Mzee Mwinyijuma alishika mdomo.

Ya pili Shabani aliichukua mapema asubuhi, meli ilipogeuka, akiwa nyuma ya meli. Hakukuwa na mtu ndani yake wala ndege. Ilikuwa bahari tupu hadi mwisho wa macho, na juu ya bahari mstari mpana mweupe uliotoka mbali sana, ukajikunja polepole, ukarudi ulikotoka.

"Hii ni nini?" mzee akauliza.

"Ni njia ya meli. Ilikuwa inakwenda kule. Hapa ndipo ilipogeuka."

"Na watu wote wale ndani?"

"Na wote, mzee."

Mzee akanyoosha kidole chake cha jembe, akaanza kuufuata ule mstari juu ya kioo, taratibu, kutoka mwanzo wake. Alipofika kwenye mkunjo picha ikateleza, ikatoweka. Akashtuka, akaurudisha mkono haraka kifuani kama aliyevunja chombo cha watu. Esteria akaitafuta picha, akamrudishia. Safari hii mzee aliiweka mikono yake yote miwili mgongoni, akainama karibu, akaangalia tu.