Gololi Tatu Nyeusi

Babu yangu alikataliwa mara mbili na Kampuni ya Zimamoto ya Brennock, kikosi cha kujitolea cha mji wetu wa mgodi wa makaa, kabla hawajamkubali, na mara zote mbili kilichomkataa hakikuzidi ukubwa wa zabibu. Ni gololi. Kisanduku kipo mpaka leo, cha mbao ya jozi, kina tundu la kupitisha mkono mbele na kizuizi ndani. Mjumbe anaingiza mkono, anachagua nyeupe au nyeusi, anaiachia idondoke upande wa nyuma, na hakuna anayeona kachagua ipi. Nyeusi moja husamehewa. Mbili nazo husamehewa. Zikifika tatu, mwombaji anarudi kwake.

Wawelisi wa mgodini ndio walioanzisha kampuni, baada ya Mtaa wa Kwanza wote kuungua huku watu wakipokezana ndoo. Walipokuja Waairishi, wakaangushiwa nyeusi. Waairishi nao walipoingia, wakatuangushia sisi Waslovaki, ambao walituita walaji wa kabichi. Sisi tukawafanyia Waitalia vilevile, na wala hatukuona haya. Ndiyo historia ya kampuni yetu, ukitoa magwaride na picha za ukutani: kila aliyepita mlangoni aligeuka akashika komeo.

Lakini moto ulipowaka walikwenda. Hilo siwapokonyi. King'ora kikilia juu ya paa, mtu aliacha kijiko kwenye supu, akaacha mke, akaacha hata jeneza la mamake kanisani. Brennock haijawahi kuwa na zimamoto wa kulipwa. Ni sisi kwa sisi.

Kisha mgodi ukafungwa, kikafuata kiwanda cha nguo, na wanaume wakaanza kwenda kutafuta riziki mbali, kwenye maghala makubwa kando ya barabara kuu. Kaka yangu Emeric Hudak, tuliyemwita Emmo, ndiye alikuwa mkuu wa kampuni. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, na bado alikuwa analala na buti kando ya kitanda.

"Usiku nina wanaume wa kutosha," aliniambia. "Mchana niko mimi na Dutch. Na Dutch ana nyonga ya chuma. Moto ukija mchana, Verna, nitamrushia nyonga ya Dutch."

Tulicheka. Lakini niliona anaogopa.

Ndipo Anselmo Peguero alipohamia nyumba inayotazamana na kituo cha zimamoto. Mdominika, mhamiaji kutoka visiwani, mpole, ana masharubu ya kupendeza. Alikuwa anafanya kazi ghalani zamu ya usiku, kwa hiyo mchana yuko nyumbani. Na kwao alikuwa zimamoto wa kujitolea miaka mingi. Emmo aliposikia hivyo alikuja jikoni kwangu bila kubisha hodi.

"Mungu kanikumbuka," alisema. "Kaniletea mtu wa mchana, na kamweka mlangoni kwangu kabisa nisichoke kumtafuta."

Alimwandikisha mwenyewe, akamdhamini mwenyewe, akazunguka kwa wajumbe mmoja mmoja kumsifia. Wote waliitikia kwa kichwa. Mume wangu, jina lake Leo, ambaye ni dereva wa lori la mikate na ni mjumbe tangu ujana, alimshika bega akamwambia, "Usijali, shemeji."

Usiku wa kura nilikuwa naosha sufuria ukumbini. Nilimwona Emmo akivuta droo ya kisanduku, akatazama, akairudisha, kisha akaivuta tena.

"Tatu," alisema.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Dutch alikohoa. Kijana mmoja akauliza kama bia imekwisha. Emmo akavaa koti akavuka barabara kwenda kumpa Anselmo habari, kwa kuwa hakutaka mtu mwingine afanye kazi hiyo.

Aliporudi alikaa kwenye ngazi za kituo. Nikakaa naye.

"Kasemaje?"

"Kasema hamna shida, mkuu. Mkewe kanipa kahawa." Akajifuta pua kwa mkono. "Afadhali angenitukana, mdogo wangu. Ile kahawa imenikaba."

Ilikuwa Kwaresma. Kila Ijumaa ya Kwaresma sisi wanawake huuza pirogi chini ya ukumbi, vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye viazi na jibini, na fedha zile ndizo zinazonunua matairi ya gari la zimamoto na mafuta yake. Ijumaa ile nilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. King'ora kikalia, tukanyamaza kama kawaida yetu, tukingojea buti juu ya vichwa vyetu. Tulizoea kusikia vishindo kama ng'ombe wanaotolewa zizini. Safari hii tulisikia jozi moja ya buti. Ikaenda upande huu wa gari, ikazunguka, ikaenda upande ule.

Nikapanda juu.

Emmo alikuwa ameshavaa. Dutch yuko kwenye redio na fimbo yake, anawaita wenzetu wa ng'ambo ya mlima. "Wako njiani," alisema. "Lakini mlima ni mlima." Mlangoni amesimama Anselmo, kavaa fulana na ndala, kaamshwa na king'ora.

"Ni Mtaa wa Pili," Emmo alisema. "Nyumba ya Pauline Gaughan. Yumo ndani."

"Twende," Anselmo alisema, akashika mlango wa gari.

Na kaka yangu, Mungu amrehemu, akauweka mkono wake juu ya mkono wa yule mtu, akautoa.

"Siwezi. Hukupita kwenye kura. Bima haikujui. Ukifa leo, mkeo hapati hata senti ya kukuzikia."

"Mkuu, uko peke yako."

"Ninajua niko peke yangu!"

Akawasha gari, akaenda. Alikuwa mtu wa sheria mpaka mwisho, na siku ile sheria ilikuwa ya kijinga. Anselmo alipiga mbio kuteremka mlima nyuma ya gari, ndala zikamtoka njiani. Nami nikamfuata na aproni yangu, kwa magoti yangu haya.

Nyumba za Mtaa wa Pili zimeshikana ukuta kwa ukuta. Moshi ulikuwa unatoka dirisha la juu la Pauline, mweusi na mzito. Tulipofika, Emmo alikuwa ameshaunganisha mpira kwenye bomba la mtaani na anahema. Alimwona Anselmo peku, miguu inavuja damu, na nadhani hapo sheria ikamshinda nusu.

"Shika pampu," alimwambia. "Ndani huingii. Nimesema huingii!"

"Nani atakufuata na mpira?"

Emmo akautupia mpira begani. Akavaa barakoa yake ya hewa, akaingia.

Mpira wa maji ukijaa ni mgumu kama mti. Mtu mmoja hawezi kuupandisha ngazini peke yake. Anahitaji mwenzake wa kuusukuma kwenye kona, la sivyo unanasa. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi nilikuwa nimewapikia watu wale maisha yangu yote na sikulijua jambo hilo. Nililijua siku ile, Anselmo aliponipigia kelele kutoka kwenye pampu, ambayo hakuweza kuiacha:

"Mama Verna! Kona ya mlango! Umenasa, usukume! Usukume ndani!"

Nikaushika. Mikono yangu ilikuwa na unga na maji, inateleza. Nikasukuma, ukaingia kidogo, ukanasa tena. Kisha nikamsikia kaka yangu mikononi mwangu. Alikuwa anavuta kule juu. Anavuta, mimi nasukuma, anavuta tena. Hatukuwahi kufanya kazi moja pamoja tangu tukiwa wadogo tunaokota makaa kando ya reli.

Pauline alitokea dirishani, kashikwa kwapani, akasukumwa nje juu ya paa la kibaraza, na majirani wakamteremsha. Nikasikia Emmo akivuta mpira mara moja zaidi. Halafu kukawa na kishindo ndani, na mpira ukalegea.

Niliendelea kusukuma. Nilisukuma mpaka wale wa ng'ambo ya mlima walipofika na kunibandua vidole.

Pauline yu hai. Anakaa kwa mpwa wake, na kila akiniona ananiuliza habari za paka wake.

Tulimzika Emmo kwa desturi yetu, jeneza juu ya gari la zamani, bendera nusu mlingoti. Kaburini, mtu wa redio akamwita kwa namba yake. Kimya. Akamwita tena. Kimya. Kisha akasema mkuu Hudak amemaliza zamu, na wanaume wazima wakalia kama watoto. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira mno.

Baada ya chakula cha matanga, wajumbe walibaki ukumbini. Anselmo alikuwa amekaa karibu na mlango, viatu vimelegezwa kwa sababu ya bandeji. Dutch akasimama na fimbo yake.

"Napendekeza tumpokee huyu ndugu. Leo hii. Bila kisanduku. Tunyooshe mikono tu."

"Bila kisanduku?" nilisema. Nilikuwa nimeshika birika la kahawa. "Babu yangu kapitishiwa kisanduku. Kakangu kafa kwa sababu ya kisanduku. Leo ndio mnaona aibu nacho?"

"Verna," Leo alisema taratibu.

"Nataka kujua ni nani. Gololi tatu zina mikono mitatu. Semeni."

Nilidhani watanifukuza. Mwanamke wa jikoni hana sauti kwenye mkutano. Hakuna aliyethubutu. Mume wangu akavua miwani akaiweka mezani.

"Moja ni yangu," alisema.

Nilimgeukia.

"Sina neno naye," Leo akaendelea, bila kumtazama Anselmo. "Ni mtu mzuri. Nilitaka tu... mtu asiingie hivi hivi, kana kwamba mlango hauna mwenyewe. Moja haizuii kitu. Nilidhani itakuwa yangu peke yake."

Dutch akaketi pole pole.

"Na mimi," alisema. "Na mimi nilidhani itakuwa yangu tu. Nilidhani Emmo ataiona, atacheka, yaishe."

Mwenye ile ya tatu hakusema, na mpaka leo hajasema. Lakini naapa naye aliwaza vilevile. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetaka kumkataa Anselmo. Kila mmoja alitaka kununa kidogo gizani, akitegemea wenzake wawe watu wema.

Kisanduku kikazungushwa. Droo ikavutwa: nyeupe tupu. Watu wakapiga makofi, wengine wakamwendea kumshika mkono. Anselmo akasimama juu ya miguu yake mibovu.

"Ahsanteni," alisema. "Swali moja tu. King'ora kikilia mchana, nitakuwa na nani?"

Makofi yakafa. Wanaume wakatazama viatu vyao. Kila mmoja alikuwa na ghala lake, lori lake, mlango wake wa kazi ulio mbali na Brennock. Walikuwa wamempa nafasi ya Emmo kamili, upweke wake na vyote.

"Na mimi," nilisema.

Mtu mmoja akacheka, kisha akaona hakuna mwenzake.

"Mama Verna," Dutch alisema, "una magoti ya bibi yangu."

"Na wewe una nyonga ya duka la vyuma, na bado umo. Sipandi ngazi. Nitasukuma mpira kwenye kona. Nimeshaujua uzito wake, kuliko nusu yenu humu."

"Hatujawahi kupokea mwanamke."

"Hajawahi kuomba. Sasa kaomba. Zungusheni."

Kisanduku kikapita tena. Nilisimama na birika langu, nikiwatazama mkono kwa mkono, na nikagundua kitu ambacho jikoni hakisikiki: gololi nyeupe na nyeusi zikidondoka zinatoa sauti moja. Ulipofika mkono wa Leo, nilitazama uso wake badala ya mkono. Alikuwa mweupe kama unga.

Dutch akavuta droo. Akahesabu kwa midomo.

"Nyeusi mbili," alisema. "Mbili tu. Umepita."

Hakuna aliyepiga makofi. Nikaweka birika chini kabla halijaniponyoka.

"Moja ni yangu," Leo alisema.

Alisema mbele ya wote, na safari hii ananitazama mimi. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Sikutegemea mtu mwingine anisaidie. Ningekuwa nazo tatu ningezitia zote. Sitaki kukuzika na wewe, Verna."

Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuniambia neno lililonigusa vile. Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye, nikamshika mkono, ule ule alioupitisha kwenye tundu mara tatu.

"Ungesema hivi kwa mdomo siku ile ya kwanza," nilimwambia, "Emmo angekujibu."

Buti za Emmo zimenizidi. Nimeziwekea magazeti kwenye vidole, na ziko kando ya kitanda, upande wangu. Mume wangu hulala akiuelekea ukuta, asizione.