Kitambaa cha Ibuki

Mimi, Shirakaba Tsukasa, nahodha wa chama cha mwandiko wa brashi katika shule yetu ya bweni hapa Nagano, natangaza rasmi kwamba sijawahi kumwonea binadamu yeyote wivu. Isipokuwa Ibuki. Huyo nilimwonea wivu kila siku, hata wakati wa kula.

Tulilala chumba kimoja miaka mitatu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuruka ukuta wa shule. Kisha akanitupa kwa ajili ya vimirija vya kaboni, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho lakini hodari wa kupitisha umeme. Alivikoroga na maji akapata uji mweusi, akaupaka kitambaa. Ukikibandika kifuani, kitambaa kile kilinasa mapigo ya moyo bila kuwasha ngozi ya mgonjwa. Profesa Onizuka akaahidi kuja kukiona. Kikifanya kazi, angemchukua Ibuki kwenye maabara yake kiangazi chote.

Asubuhi ya siku hiyo niliumwaga ule uji, nikajaza chupa yake wino wangu wa brashi, ule unaonukia kafuri. Weusi ni uleule. Kisha nikajitolea kuwa mgonjwa, niione aibu yake kwa karibu.

Mbele ya Profesa na darasa zima, Ibuki akapaka, akakausha, akanibandika. Kwenye skrini, mstari ulilala chali.

"Tsukasa, umekufa lini?" mtu akapiga kelele nyuma. "Hata msibani hukutualika!"

Darasa likaangua kicheko. Ibuki akakikandamiza tena kitambaa kifuani pangu.

"Samahani, Profesa. Jana kilikubali."

Profesa Onizuka alikibandua, akakinusa. "Kafuri," akasema. "Huu ni wino wa brashi, mwanangu."

Ibuki akakimbilia mkoba wake, akatoa kipande alichojaribia jana. Alipokibandika kifuani pangu, vilima vidogo vikaanza kupita kwenye skrini, kimoja kimoja, vizuri kabisa.

"Sasa," Profesa akauliza kwa upole, "nani amebadilisha?"

Vilima vikaanza kukimbizana. Nilijaribu kupumua taratibu, vikazidi. Darasa zima likatazama skrini, kisha likanitazama mimi.

"Kitambaa kinafanya kazi," akasema Profesa.

"Wewe?" Ibuki akaninong'oneza. "Kwa nini, bwana?"

Nilikuwa na hotuba. Iliniishia mdomoni.

"Wivu," nikasema. "Na sikutaka uende."

Ibuki akaanza kukibandua kitambaa, kona moja baada ya nyingine, polepole, asiniumize.